Sanamu za Kauri Katika Mauzo ya Nyumba ya Marehemu, Columbus: Bei Zilizobandikwa na Bei Zilizostahili

Mwezi uliopita nilihudhuria kwa siku tatu mauzo ya vyombo vya nyumba ya marehemu katika kitongoji kimoja cha Columbus, Ohio, na kwa kuwa wenzangu wengi tunaoishi nao huku huniuliza kama mauzo ya aina hii yanafaa, nimeona niitathmini kampuni iliyoyaendesha, bila kuitaja jina. Sitagusa samani, zana za gereji wala vyombo vya jikoni. Nitashughulika na sanamu ndogo za kauri tu, kwa sababu ndizo zilizonitoa kitandani alfajiri, na kwa sababu ndizo kipimo kizuri cha kampuni ya namna hii: kiti yeyote anaweza kukikalia akajua kama ni kizima, lakini mtoto wa kauri mwenye kimo cha shubiri moja humtaka mtu anayejua anachokitazama.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuyaona, mauzo haya si mnada, na hakuna anayepaza sauti kutaja bei. Mtu akifariki, au akihamia kwenye makao ya wazee, jamaa zake huajiri kampuni ambayo huingia nyumbani, ikapanga kila kitu mezani na kukibandika bei, kisha ikaufungua mlango kwa yeyote anayetaka kununua, mara nyingi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Kampuni hulipwa kwa kamisheni, ambayo aghalabu huwa kati ya robo na nusu ya mapato. Siku ya kwanza bei hazipungui. Siku ya pili hupunguzwa kiasi. Siku ya mwisho kilichobaki huuzwa nusu bei. Anayewahi hupata uchaguzi, anayechelewa hupata unafuu, ila unafuu huo ni wa vitu ambavyo wajuzi wamekwisha kuvigeuzageuza wakaviacha.

Kuhusu mapokezi sina lawama. Namba za foleni ziligawiwa saa moja asubuhi, watu wakaingizwa ishirini ishirini, na hapakuwa na msukumano. Mzee mmoja mwenye asili ya Bukavu, ambaye nilimtambua kwa Kiswahili chake alipokuwa akizungumza kwenye simu, alikuwa mbele yangu. Alipogundua ninachokitafuta alicheka akasema, "Dada, mimi ninatafuta msumeno, wewe unatafuta watoto wa udongo!" Nilimjibu kwamba msumeno wake utaliwa na kutu. Tuliachana mlangoni, yeye akielekea gereji.

Kabati la vioo lilikuwa sebuleni, na ndani yake mlikuwa na sanamu za Hummel zipatazo arobaini: watoto wa Kijerumani wenye mashavu mekundu, wengine wakiwa na mwavuli, wengine na kikapu au filimbi. Kila moja ilibandikwa dola 45, na juu ya kabati palikuwa na kadi iliyosema kwamba sanamu hizo ni za kale na ni adimu. Hapo ndipo kampuni ilipoanza kupoteza alama kwangu, kwa kuwa maneno yote mawili yalikuwa na walakini, na bei moja kwa sanamu arobaini ni ushahidi kwamba hakuna aliyezigeuza kutazama vitako.

Historia ya sanamu hizi si siri. Berta Hummel alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Massing, Bavaria, akasomea sanaa, kisha akajiunga na watawa wa Kifransisko huko Siessen, ambako alipewa jina la Maria Innocentia. Michoro yake ya watoto ilimvutia Franz Goebel, mwenye kiwanda cha kauri karibu na Coburg, na mwaka 1935 sanamu za kwanza zikauzwa. Mtawa huyo alifariki mwaka 1946 kwa kifua kikuu. Baada ya vita wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ujerumani walizituma kwao kwa wingi. Mwaka 1977 kikaundwa chama cha wakusanyaji wake hapa Marekani. Na kiwanda cha Goebel kiliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 2008. Kitu kilichotoka tanurini kwa zaidi ya miaka sabini, kikanunuliwa na karibu kila bibi aliyekuwa na kabati la vioo, hakiwezi kuitwa adimu kwa jumla. Wale bibi sasa wanafariki, kabati zao zinafunguliwa kwa wakati mmoja, na wajukuu hawazitaki. Ndiyo maana sanamu ambayo zamani iliuzwa kwa mamia ya dola leo hukosa mnunuzi hata kwa dola ishirini.

Hata hivyo si zote zilizo sawa, na tofauti iko kitakoni. Zilizotengenezwa mwanzo zina alama ya taji. Katika miaka ya 1950 ikaja alama ya nyuki mzima anayeruka ndani ya herufi V, kwa kuwa Hummel kwa Kijerumani ni aina ya nyuki mnene. Baadaye nyuki huyo alichorwa kwa mkato zaidi na zaidi, mpaka alama iliyotumika kuanzia mwaka 1979 hadi 1991 ikawa haina nyuki kabisa. Jina la mtawa huwa limechorwa udongoni kabla ya kuchomwa, si kupakwa juu, na namba ya umbo huwa imekandamizwa kitakoni. Nilimwomba msimamizi anifungulie kabati, akakubali kwa adabu, na nikazigeuza moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa za miaka ya 1970 na 1980. Mbili tu zilikuwa na nyuki mzima, na hizo, kwa bei ileile ya dola 45, hazikuwa ghali. Kabla sijamaliza kufikiri, mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akinyoosha shingo alizichukua zote mbili akaenda nazo kwa keshia. Sikumlaumu; aliniacha nifanye kazi, naye akavuna.

Nikiri hapa kwamba mimi si mjuzi wa kuzaliwa. Nimekulia Mombasa, kwa shangazi ambaye kabati lake lilikuwa na sahani tatu za kauri ambazo watoto hatukuruhusiwa hata kuzipumulia. Desturi ya kuitunza kauri kama pambo si ngeni kwetu: nyumba za kale za Lamu zina zidaka ukutani zilizotengwa kwa ajili yake, na makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa bakuli za Kichina. Lakini kupenda kitu ni jambo moja, na kukikadiria bei ni jingine, na mtu aliyesimama mbele ya sanamu asiyoijua, huku nyuma yake kukiwa na watu wanaosubiri, anahitaji mpangilio wa kutazama kuliko anavyohitaji kumbukumbu.

Mpangilio wangu ni huu, na niliutumia katika meza ya chumba cha kulia, ambako palikuwa na sanamu zisizojulikana zilizorundikwa pamoja chini ya kadi ya "kauri mchanganyiko". Kwanza naishika. Uzito una habari, kwa kuwa sanamu iliyomiminwa katika kalibu kwa udongo mwembamba huwa nyepesi na tupu ndani, nayo iliyokandamizwa kwa mkono katika kalibu za zamani huwa nzito zaidi na haina usawa. Wale mbwa wawili weupe wa Staffordshire, Uingereza, ambao Wamarekani huwapanga juu ya meko, wanaghushiwa mno, na mara nyingi tundu kubwa la mviringo kitakoni ndilo linalowaumbua wale wapya, kwa kuwa wa zamani walikuwa na tundu dogo la kupitishia hewa tu. Jozi iliyokuwepo pale ilikuwa na matundu ya kuingia kidole gumba, na bei yake, dola 120, ilikuwa ya jozi ya karne ya kumi na tisa.

Kisha natazama ukingo wa kitako, pale ambapo glezi, yaani ule ung'avu wa kioo unaoyeyushwa juu ya udongo, haukufika. Hapo udongo uko uchi. Ukiwa mweupe, laini na mgumu kama jino, na mwanga wa simu ukapenya sehemu zake nyembamba, basi ni kauri halisi. Ukiwa na rangi ya maziwa yaliyochacha au wekundu wa tofali, na mwanga usipenye, ni udongo wa kawaida uliopakwa glezi. Hili halisemi chochote kuhusu uzuri, kwa maana Hummel wenyewe ni udongo na si kauri halisi, lakini linamwumbua muuzaji anayeita kila kitu kauri.

Halafu ndiyo nasoma maandishi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka, hivyo jina la nchi kitakoni ni dalili kwamba kitu kiliingizwa baada ya hapo. Kukosekana kwa jina si dalili ya ukale, kwa sababu wengi waliandika nchi kwenye karatasi ya kubandika, na karatasi hubanduka. Neno "Nippon" huashiria miaka kabla ya 1921, kwa kuwa baada ya hapo forodha ya Marekani ilitaka iandikwe "Japan". Palikuwa na sanamu sita ndogo za wachungaji wa kondoo zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa, maneno yaliyotumika mpaka ukaliaji wa Marekani ulipokwisha mwaka 1952. Zilikuwa na bei ya dola 4 kila moja, bei ya haki kabisa, na nikachukua mbili, mojawapo ikiwa na mchungaji aliyepakwa macho kwa haraka hivi kwamba jicho moja liko shavuni.

Katika kundi hilohilo palikuwa na mwanamke wa Royal Doulton mwenye gauni jekundu. Kiwanda hicho, kilichokuwa Burslem, Uingereza, kiliwarahisishia kazi watu wa aina yangu kwa kuzipa sanamu zake namba zinazoanzia na herufi HN tangu mwaka 1913, herufi zinazotokana na jina la Harry Nixon aliyesimamia upakaji rangi. Ukiwa na namba hiyo na simu, jina la sanamu hulikosi. Simpendi sana mwanamke huyo, lakini bei yake ilikuwa sawa. Kuhusu Precious Moments, wale watoto wenye macho ya machozi waliobuniwa na Samuel Butcher na kuanza kuuzwa na kampuni ya Enesco mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamejaa meza nzima ya chini kwa dola 3, nami nilipita.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye meko. Palikuwa na jozi ya mabwana na mabibi wanaocheza dansi, yenye maua mengi, kadi ikisema "Meissen, 1750", na bei dola 650. Meissen ndicho kiwanda cha kwanza cha kauri ngumu barani Ulaya, kilichoanzishwa mwaka 1710 huko Saxony, na alama yake ya panga mbili zilizopishana, iliyoanza katika miaka ya 1720, huenda ndiyo alama iliyoibwa kuliko zote katika biashara hii. Panga za Meissen huchorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu chini ya glezi. Nilipitisha ukucha juu ya panga zile nikahisi ukingo wa rangi, maana yake zilipakwa baada ya glezi, na chini ya lenzi ya sonara zilionekana zimenyooka mno, kama zimepigwa mhuri. Maua yalikuwa manene, vidole vya bibi vimeshikana kama vya bata, na kwa ndani kitako kilikuwa cheupe kama karatasi mpya. Nilimwambia msimamizi kwa upole kwamba mwaka 1750 hauwezekani. Akajibu kwamba familia ndiyo iliyosema. Huenda familia ilisema kweli kadiri ilivyojua, lakini kampuni inayochukua kamisheni kwa ajili ya ujuzi haina budi kuupima usemi wa familia kabla ya kuuandika kwenye kadi.

Nilikuwa pia na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ambayo bei yake haizidi chakula cha mchana na ambayo naipendekeza kuliko kitabu chochote cha alama. Gundi nyingi na rangi nyingi za ukarabati hung'aa tofauti na glezi iliyochomwa tanurini, na mkono uliounganishwa hujitokeza kama kovu. Palikuwa na sanamu ya Lladró ya msichana aliyebeba maua. Ndugu watatu wa Lladró walianza kazi mwaka 1953 huko Almàssera, karibu na Valencia, Uhispania, na umaarufu wao umejengwa juu ya vidole na petali nyembamba ambazo ndizo za kwanza kuvunjika. Kadi ilisema sanamu iko katika hali kamili, kwa dola 140. Nilijifunika koti kichwani, jambo lililomchekesha keshia, nikawasha tochi: vidole viwili na petali tatu viling'aa kwa rangi ya maziwa. Msimamizi alitazama mwenyewe, akanishukuru, akafuta maneno ya hali kamili na kushusha bei hadi dola 60. Hapo nampa sifa yake yote. Wengine wangenifukuza, hasa katika mauzo ambayo kila kilicholipiwa hakirudishwi.

Sasa tembo. Katika chumba cha kusomea, juu ya rundo la magazeti, alikuwepo tembo mdogo wa kijani kilichofifia, amebandikwa dola 20 na maneno "kikandamiza karatasi". Kitakoni palikuwa na herufi R na P zilizogeuziana migongo, zimezungukwa na ndimi za moto, na chini yake namba za Kirumi XXVIII. Hiyo ni alama ya Rookwood, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1880 na Maria Longworth huko Cincinnati, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka sebule ile. Alama yao husomeka kama kalenda: herufi hizo zilianza mwaka 1886, kila mwaka ukaongezwa ulimi mmoja wa moto hadi zikafika ndimi kumi na nne mwaka 1900, kisha namba za Kirumi zikachukua nafasi ya miaka iliyofuata. Tembo huyu alitengenezwa mwaka 1928. Niliona pia alama ya X iliyokwaruzwa kupitia glezi, ambayo kiwanda chenyewe kiliitumia kwa vitu vyenye kasoro, na kasoro ilikuwepo, tone la glezi lililoganda nyuma ya sikio. Hata akiwa na kasoro hiyo, thamani yake inazidi dola 20 mara kadhaa. Nililipa bila kusema neno. Wa Meissen nilimsema, wa Lladró nilimsema, lakini wa tembo nilinyamaza, na msomaji atanihukumu apendavyo. Warithi ndio waliopoteza, na hawakupotezewa na mimi peke yangu: kampuni yenye makao katika jimbo la Ohio iliyopitwa na Rookwood, huku ikibandika neno adimu kwa Hummel arobaini, imeishughulikia nyumba kwa mazoea.

Siku ya Jumapili nilirudi. Hummel zaidi ya thelathini zilikuwa zingali kabatini, safari hii kwa dola 22 na nusu, na mabwana na mabibi wa dansi walikuwa palepale, kadi ya 1750 ikiwa haijaguswa. Ufungaji ulikuwa duni: karatasi moja ya gazeti kwa kila sanamu na mfuko wa plastiki wa dukani, bila boksi, na mbele yangu mtu alikatikiwa mwavuli wa mtoto wa kauri kabla hajafika kwenye gari. Anayekwenda kwenye mauzo haya abebe kanga au taulo zake. Kwa mapokezi, mpangilio na adabu ya msimamizi nawapa nyota tano. Kwa ujuzi wa kauri nawapa moja, na si kwa sababu walikosea, kwani kila mtu hukosea, bali kwa sababu waliandika kwa uhakika mambo ambayo hawakuyatazama. Jumla ni nyota tatu, na nitakwenda tena wakifungua nyumba nyingine, nikiwahi foleni.

Kabla ya kuondoka nilinunua Hummel moja, msichana anayechunga mabata bukini, si kwa thamani yake bali kwa sababu shangazi angempenda. Kwa dola 22 na nusu sikuona haja ya kujifunika koti tena. Nilimfunga kwenye kanga, nikafika naye salama, na usiku nilipozima taa nikawasha tochi kwa kujifurahisha tu: shingo ya bata mmoja iling'aa kuanzia kichwani hadi kifuani. Nimemweka juu ya rafu, bata huyo akiwa upande wa ukutani.